Msichana Anayekufa wa Kwanza

Fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya jirani wakati msichana alipotoka kwenye sinema ng'ambo ya barabara, akavuka, akaingia dukani na kukaa kwenye kiti cha wateja, mkono ukimvuja damu. Maji ya moto yalikuwa tayari. Fundi aliweka sindano chini akaanza kumsafisha.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, imejaa mikwaruzo, ya mtu mwenye barakoa anayechinja vijana kwenye nyumba ya shamba. Siku hizi ilikuwa imerudishwa ukumbini. Msichana huyu ndiye anayekufa wa kwanza, na akishakufa hana kazi tena, basi hushuka kwenye skrini, hupita kati ya viti akiomba radhi, na kwenda kufungwa jeraha na fundi, ambaye ni yeye mwenyewe baada ya kuzeeka. Watazamaji humpisha kwa kukunja miguu.

"Hivi tumenenepa namna hii?" aliuliza msichana.

"Tumekula vizuri," akajibu fundi.

Alifurahi kuwa naye. Duka lilikuwa limechangamka. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Mwongozaji wa filamu alikuwa na visu viwili, cha mpira cha kuchomea na cha chuma cha kupigia picha za karibu. Siku ya kupiga picha za kifo cha msichana alimpa mchinjaji cha chuma, makusudi, ili apate ukelele wa kweli. Akaupata. Fundi alitaka mtu mmoja tu akiri kwamba alitendewa vibaya.

Alasiri hiyo waliingia wahakiki wawili wakibishana. Wa gazeti alikuwa amechana koti kwenye msumari wa kiti cha sinema. Wa chuo kikuu alimfuata asije akakosa neno la mwisho. Mmoja aliiita filamu takataka, mwenzake akaiita kilele cha sanaa. Walimsalimu msichana, wakainama kuutazama mkono wake.

"Rangi imekolezwa mno," akasema wa gazeti.

"Hapo ndipo penye ufundi," akasema wa chuo.

"Ni damu, wanangu. Kisu kilikuwa cha kweli." Fundi akapandisha mkono wa gauni lake mwenyewe, akawaonyesha kovu.

Wa gazeti akasema basi filamu ni duni zaidi, kwani hata kuigiza hawakuigiza. Wa chuo akasema basi ni bora zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Mabishano yakanoga mpaka koti likawa tayari, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka.

"Itauma mpaka lini?" msichana akauliza.

"Siku za baridi tu."

Wakanywa chai, wakawacheka wale wawili kidogo. Kengele ya onyesho la jioni ilipolia, msichana akaifungua bendeji akaikunja vizuri, maana filamu huanza mkono ukiwa mzima. Fundi akamnyooshea kola, akamwambia awahi, kisha akabandika maji mengine.