Mifuko ya Kijani kwenye Uzio wa Gratton

Kinyesi cha mbwa kilichofungwa vizuri ndani ya mfuko bado ni kinyesi. Nina miaka sitini na saba, na bado kuna watu wazima inabidi niwaambie hivyo. Kila Jumatano nachukua koleo langu refu na ndoo yenye mfuniko, natembea kwenye njia ya baiskeli kutoka daraja la Harrowdale hadi mdomo wa handaki, na kila Jumatano naikuta mifuko ya kijani inaning'inia kwenye uzio wa miiba. Wakati wa kiangazi majani huificha. Mwezi wa pili miti iko uchi, mifuko inaonekana yote, mingine imepasuka na kuchuruzika hadi chini.

Najua inavyotokea. Mtu anainama, anaokota mavi yangali na joto, anafunga fundo kwa ustadi, halafu anayatundika mtini na kuendelea na matembezi yake. Pipa liko mwisho wa njia. Lakini hapana, kubeba ni aibu. Ni watu wale wale ambao ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaokuomba radhi. Ukiwashika watakwambia, "Nilikuwa nitauchukua wakati wa kurudi." Hawarudi, au wanarudi kwa njia nyingine. Wimbo huo nimeusikia hadi masikio yameota sugu, na bado kila nikiusikia natamani kumvalisha mtu mfuko wake kichwani.

Njia yetu zamani ilikuwa reli. Treni haikuweza kupanda milima hii, basi wajenzi wakaipasua milima katikati, na siku hizi baiskeli zinapita mle mle bila kuhema na bila kukutana na gari hata moja. Lakini kipande cha maili moja na nusu si cha umma. Kinapita kwenye shamba la Clifford Gratton, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na tunapita kwa hisani yake. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa pili, Clifford anatia kufuli kwenye geti kutwa nzima, ili asije mtu mahakamani akadai njia imekuwa ya watu wote kwa mazoea. Babake alifanya hivyo hivyo. Sisi siku hiyo tunakaa nyumbani tunakula keki na jibini, na Jumatatu asubuhi kufuli linatoka.

Mwaka huu Clifford alikuja kwangu Alhamisi, siku tatu kabla ya kufunga. Alikuwa na gunia. Sikumkaribisha ndani kwa sababu ya buti zake, naye hakuomba. Aliligeuza gunia pale pale kwenye ngazi ya mlango wangu. Mifuko ya kijani ikamwagika, mmoja ukapasuka, na harufu ikaniingia hadi kwenye chai niliyokuwa nimeishika mkononi.

"Clifford! Una wazimu?"

"Arobaini na mmoja," akasema. "Ya mwezi huu peke yake, mama. Na hiyo ni ile ambayo ng'ombe wangu hawajaila."

"Wanaila?"

"Wanapitisha shingo juu ya waya, wanatafuna chochote kinachoning'inia. Wawili wametupa mimba. Daktari wa mifugo anasema uchafu wa mbwa unaweza kuleta hayo. Nimemvuta ndama mfu kwa mikono hii, Glenys, saa mbili nzima, na ukiniuliza alinuka vipi nitakwambia."

"Sikuulizi."

"Basi sikiliza. Jumapili natia kufuli. Jumatatu halitoki, labda uniletee huyo mshenzi nimwone kwa macho yangu."

Nilimwambia nitamleta. Sikufikiri hata mara mbili, kwa sababu nyuma yangu, jikoni, alikuwa amekaa Desmond.

Desmond ni mume wangu. Alipeleka barua kwa baiskeli katika vijiji hivi kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka minne iliyopita macho yake yalianza kufa katikati. Pembeni anaona, lakini akikutazama usoni uso wako haupo. Leseni ya gari walimnyang'anya. Kilichobaki ni baiskeli na ile njia, kwa sababu uzio uko kulia, uzio uko kushoto, na yeye anapita katikati. Kipande cha Gratton kikifungwa, itambidi ashuke kwenye barabara kuu pamoja na malori ya mawe, na huko hamalizi wiki. Siku asizotoka hukaa dirishani hasemi, na mimi siku hizo siwezi hata kuwasha redio.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Mnyama gani huyo anaweza kufanya hivi?"

Des alisimama akajaza birika maji. "Labda anasahau," akasema.

"Arobaini na mmoja, Des. Huko si kusahau, huo ni uchafu wa roho."

Nilitoka nikasafisha ngazi kwa maji ya moto na dawa mara tatu, nikimtukana mtu huyo kwa maneno ambayo mama yangu hakujua kama ninayajua.

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, mimi na Clifford tulikuwa tumejibanza nyuma ya ukuta wa daraja. Baridi ilikuwa kali na Clifford ananuka zizi. Yeye alikuwa amekuja na mkate wa nyama ya nguruwe, akawa anautafuna huku macho yakiwa njiani. Mifuko miwili ilikuwa inaning'inia umbali wa mkono kutoka tulipokuwa, na sikuelewa anawezaje kumeza.

"Akitokea usimrukie," nikamwambia. "Niachie mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu nimejiandaa."

Na kweli nilikuwa nimejiandaa. Hotuba yote nilikuwa nayo kichwani.

Mbwa alitangulia kutokea kwenye kona. Nilimtambua kabla sijataka kumtambua. Alikuwa Tansy, mbwa wetu mzee, na nyuma yake alikuja Des kwa miguu, ambaye kila asubuhi huniambia anampeleka kwenye uwanja wa kanisa.

Clifford aliacha kutafuna.

Tansy akafanya haja yake. Des alipiga magoti, akapapasa nyasi kwa kiganja, polepole, hadi mkono ukagusa. Akaokota, akafunga, akanyoosha mkono kwenye uzio, akachagua tawi karibu na nguzo, akautundika mfuko na kuigonga ile nguzo mara mbili, kama mtu anayejiwekea alama. Halafu akaendelea na safari hadi kwenye handaki.

Dakika ishirini baadaye alirudi, naye alirudi kuuchukua. Alisimama kwenye nguzo, lakini nguzo siyo. Akaingiza mkono kwenye miiba, akapapasa juu, akapapasa chini, akageuza kichwa pembeni kama kuku ili aone kwa upande wa jicho. Mfuko ulikuwa hatua tatu kushoto kwake. Mwingine wa juzi ulikuwa mbele ya pua yake. Damu ilikuwa inamtoka kwenye vidole. Mwishowe akajifuta kwenye suruali na kuondoka mikono mitupu.

"Bwana wee," Clifford akasema kwa sauti ya chini.

Kinyaa changu chote, nilichokilea mwaka mzima, kilinigeukia mwenyewe. Nalala na mtu huyu kitanda kimoja na sikujua haoni mkono wake mwenyewe.

"Des!" nikaita.

Alisimama wima. "Glenys? Uko na nani?"

"Na mimi," Clifford akasema.

Des alielewa mara moja. Uso ukamwiva. "Mingine naipata," akasema. "Mingi naipata. Naapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenipeleka hospitali, na hospitali wangenikataza baiskeli."

Hakutaka nitumie koleo langu. Alisema mifuko ni yake, ataitoa mwenyewe. Basi nikasimama nikimwelekeza, "Kushoto. Juu. Sio hapo, Des, juu," naye akaichuma mmoja mmoja kwa mikono mitupu. Wa sita ulimpasukia kiganjani. Nilishika mkono ule, pamoja na uchafu wake wote, nikaufuta kwa kitambaa changu cha shingo, nikihisi kichefuchefu hadi machozi yakanitoka. Clifford ndiye aliyeshika ndoo.

Tulipomaliza, Clifford alikohoa. "Jumatatu kufuli litatoka," akasema. "Mbwa mpitishe kwingine. Wewe mwenyewe pita, Des. Barua za baba yangu ulizileta hata wakati wa theluji."

Des alitabasamu kama mtoto. Nilitamani niache hapo. Nilitamani sana.

"Des," nikasema, "mfuko ulikuwa mbele ya pua yako hukuuona. Mtoto akisimama katikati ya njia, je?"

Tabasamu likaondoka. Aliupapasa mgongo wa Tansy muda mrefu.

"Wiki iliyopita niligonga kitu," akasema. "Kule karibu na handaki."

"Kitu gani?"

"Kilikuwa laini."

"Kitu gani, Desmond?"

"Sikushuka," akasema. "Niliogopa kujua. Nikaendelea."

Clifford aliweka ndoo chini. Nilimwambia Jumatatu afungue geti kwa ajili ya wengine.