Kanda ya Harusi ya Afra

Sifa ya Qais mjini ilikuwa moja tu: haangalii. Mafundi wa deki za video walikuwapo, tena wenye maduka na vibao, lakini kanda ya harusi ya kina mama haipelekwi dukani. Mle ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko nje, wanacheza watakavyo kwa sababu wanajua hakuna mwanamme. Kanda ya namna hiyo hukaa sandukuni chini ya nguo, na mwenyewe akifa hurithiwa na binti, si na mtoto wa kiume. Basi mwaka 2003, kanda za zamani zilipokuwa zinaota kuvu na habari zikaenea kwamba zinaweza kuhamishiwa kwenye diski, kina mama wa Mji Mkongwe walihitaji mtu mwenye mashine na mwenye haya. Mashine Qais alikuwa nazo. Haya alijitangazia mwenyewe.

Mchana alikuwa karani bandarini. Akisharudi na kula, hupanda chumba cha juu cha nyumba yao ya Kiponda, chumba ambacho mkewe Shemsa haruhusiwi hata kukifagia. Humo mlikuwa na deki nne, mbili zinafanya kazi na mbili za kukatwa vipuri. Redio kubwa ya kaseti ambayo panya walishaitoboa spika. Kompyuta ya kizamani ya kuchomeka kwenye televisheni, aliyoletewa na mjomba wake kutoka Dubai mwaka 1986, na ambayo mpaka leo aliipangusa kila Ijumaa ingawa haikuwa na kazi. Na kompyuta mpya aliyoiunga mwenyewe, kipande hiki cha huku na kile cha kule, ikikaa uchi bila kifuniko kwa ajili ya joto. Hakumtoza mtu hata senti. Alichotaka ni watu waseme, nao walisema, na yeye alikuwa akipita njiani polepole ili asikie vizuri.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Anachomeka deki kwenye kompyuta, anafunika kioo kwa kanga, anazima spika ili asisikie hata sauti za wanawake wa watu, anabonyeza, kisha anakaa mlangoni na gazeti lake huku akitazama saa. Kanda ya saa tatu, saa tatu. Kanda kumi na moja zilishapita kwa njia hiyo na zote zilitoka salama. Zilikuwa kanda za miaka ya karibuni, kavu, zisizo na maradhi, na ukweli ni kwamba ilikuwa bahati tu. Qais aliiita utaalamu.

Bi Muzna alikuja Jumamosi asubuhi, akapanda ngazi zile zenye mwinuko mkali akitweta, kanda ameizungushia leso na kuikumbatia kifuani.

"Shikamoo Bi Muzna."

"Marahaba mwanangu. Nnakuja na haja, usinirejeshe."

"Mimi nani hata nikurejeshe? Kaa kwanza, upumzike."

Alikaa, lakini kanda hakuiweka chini. Kila mtu mtaani alikuwa anaijua habari yake. Binti yake wa pekee, Afra, aliolewa mwaka 1992, na wiki ile ile mume akamchukua kwenda Maskati. Miezi kumi na moja baadaye alijifungua mtoto wa kike, na hakuinuka kitandani. Yule mume akaoa mke mwingine, na mke mpya hakutaka kuona picha ya marehemu ukutani wala kabatini. Mtoto alipewa jina la Ulfat, na sasa alikuwa na miaka kumi. Baba yake alikubali aje kwa bibi yake kwa Idi, kwa mara ya kwanza.

"Hajapata kumuona mamake," Bi Muzna alisema. "Picha moja tu ya pasipoti nnayo, na ile si Afra, ile ni mtu kaogopa kamera. Nataka amuone anatembea. Amuone anavyogeuza shingo."

"Na wewe mwenyewe huitizami?"

"Sijaitizama hata siku moja." Alisema hivyo kwa aibu, kama mtu anayekiri kosa. "Siku ile nlikuwa jikoni na wageni. Biharusi anatolewa nje mimi nnahesabu sahani za biriani. Nkajisemea, si kitu, ntamuona kwenye kanda. Mwenyewe akanambia, mama, usiitizame peke yako, ningoje nije tuitizame sote. Basi nkangoja. Aliposhakufa, sikuweza."

Qais aliipokea kanda kwa mikono miwili. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na kupitia kile kidirisha cha plastiki akaona madoa meupe yameuvaa utepe mzima. Miaka kumi na moja ndani ya sanduku, kwenye nyumba ya mawe inayotoka jasho kila masika. Kilichotarajiwa ni nini? Alijua vizuri maana ya madoa yale. Kanda yenye kuvu inataka jicho: picha ikianza chenga tu, zile punje nyeupe na nyeusi, unasimamisha, unasafisha vichwa vya deki kwa spiriti, ndipo uendelee. Ukiiachia iende, uchafu unaganda kwenye kichwa kinachozunguka na kuukwaruza utepe, na utepe ukishakwaruzwa hakuna fundi wa dunia hii wala ya Japani atakayeurudisha.

"Itakuwa tayari Jumatatu, inshaallah," alisema.

"Na hutoitizama."

"Bi Muzna, wanijua."

"Nnakujua, mwanangu. Ndo maana nkaja kwako."

Maneno hayo yalimkaa vizuri Qais kuliko chakula. Alimsindikiza mpaka mlango wa nje, na alipogeuka alimkuta Shemsa kwenye ngazi, mkono mmoja kiunoni. Shemsa alikuwa mtu wa Wete, Pemba, aliolewa akaletwa Unguja mwaka 1996, na hakuwa na desturi ya kuzunguka jambo.

"Nmeiona kanda ile. Imeoza. Ngoja nikae mimi mbele ya kioo. Kikiharibika kitu nakwita."

"Haina haja."

"Mimi mwanamke, Qais. Kanda ya wanawake, mwanamke anatizama, kosa liko wapi?"

Kosa halikuwapo. Hata Bi Muzna angeulizwa angesema, mwachie mkeo, tena Mungu ambariki. Lakini Qais alikuwa na sababu zake mbili, na zote mbili ni za kuonea haya. Kwanza, mji mzima ulisema kwa Qais hakuna aangaliaye, na hakutaka sifa hiyo ipunguzwe hata kwa kiasi cha jicho la mkewe. Pili, hakuvumilia mtu kukaa kwenye kiti kile. Shemsa aliwahi kugusa kibodi mara moja, mwaka 1999, akafuta kitu ambacho Qais mwenyewe sasa hakikumbuki ni nini, na kesi hiyo ilikuwa bado haijafungwa.

"Wewe hujui mashine," alimwambia.

"Sijui mashine, lakini chenga nazijua. Nna macho."

"Nshasema haina haja."

Kiburi si maungwana, wamesema wenyewe wa lugha, lakini hakuna mtu anayedhani msemo ule umesemwa kwa ajili yake. Shemsa alishuka jikoni. Qais akaifungua kanda, akapangusa pale mkono ulipofika, akasafisha deki kwa pamba, akafunika kioo kwa kanga, akabonyeza. Ilikuwa saa nne asubuhi. Akakaa mlangoni na gazeti. Mara mbili alisikia deki inatoa mlio mwembamba asiouzoea, na mara zote mbili aliinua kichwa, akaitazama kanga, akarudi kwenye gazeti. Saa saba adhuhuri kanda ilikwisha, ikajirudisha yenyewe, ikatoka.

Alifungua kifuniko cha deki ili asafishe. Unga mweusi ulikuwa umejaa chini, na kile kichwa kinachozunguka kilikuwa na tope limeganda pembeni. Aliuchukua ule unga kwa ncha ya kidole, akausugua. Ulikuwa laini. Hiyo ndiyo picha yenyewe, ile rangi ya utepe inayobeba picha, na sasa iko kwenye kidole chake.

Angeweza kujua pale pale. Diski ilikuwa mkononi, kompyuta inawaka. Shemsa, aliyekuja kumwita chakula, aliuona ule unga na akaelewa bila kuelezwa.

"Nipe nitizame mimi," alisema kwa upole safari hii. "Dakika tano tu. Ujue, ukamwambie mapema."

"Nimeahidi haitizamwi."

"Umeahidi wewe hutizami."

"Ni yale yale."

Haikuwa yale yale, na yeye alijua. Aliogopa. Ahadi iliyokuwa fahari yake asubuhi, adhuhuri ilishakuwa mahali pa kujificha: maadamu hakuna aliyeangalia, hakuna kilichoharibika. Akajiambia ule unga ni kuvu tu. Akajiambia vifaa vya siku hizi vina uwezo mkubwa. Aliandika jina juu ya diski kwa mwandiko mzuri, na Jumatatu akaipeleka yeye mwenyewe, akashukuriwa, akaombewa dua ndefu mlangoni, na kila neno la dua ile lilimchoma.

Ulfat alifika siku nne kabla ya Idi, msichana mwembamba, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu. Bi Muzna aliingoja Idi mosi kusudi, akampamba mjukuu kwa nguo mpya na udi. Baada ya chakula alimtuma jirani kwenda kumwita Qais. Alikuwa ameazima mashine ya diski na hajui kuiwasha.

Qais alikwenda kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Akachomeka waya, akaweka diski, akabonyeza, na kabla picha haijatokea akatoka nje ya chumba, kama ipasavyo, akakaa kwenye ngazi nyuma ya pazia. Ndani walikuwa wawili tu, bibi na mjukuu.

Sauti ilianza. Ngoma, vicheko, mtu anaita mwenzake asogee. Kisha Bi Muzna akapiga kelele ya furaha. "Tizama! Ukumbi ule! Yule mwenye mkufu ni bibi yako mdogo, kashafariki."

Qais alifumba macho. Picha ipo. Alhamdulillah, picha ipo! Machozi yalimtoka pale pale kwenye ngazi, na akaapa moyoni kwamba atamtaka radhi Shemsa leo hii, tena mbele ya watu.

"Mama yupi?" aliuliza Ulfat.

"Bado hajatolewa. Biharusi hutoka mwisho, watu wote wakishakaa. Unauona mlango ule? Atatokea pale."

Dakika zilipita. Bi Muzna alitaja wanawake mmoja mmoja, waliokufa na waliohama. Ngoma ikabadilika. Ndani ya kanda mtu akasema, anakuja, anakuja, na viti vikasikika vinasogea.

"Sasa," alisema Bi Muzna. "Mlango huo unafunguka. Sasa, mwanangu, tizama..."

Vigelegele vikalipuka. Wanawake mia wanapiga kelele kwa pamoja, mashaallah, mashaallah. Qais alingoja. Kisha akasikia mtoto anauliza, "Bibi, mbona imekuwa chenga?"

"Itarejea. Ngoja kidogo, itarejea."

Walingoja. Vigelegele viliendelea, ngoma ikaendelea. Sauti hukaa ukingoni mwa utepe na picha hukaa katikati; kichwa kilikwaruza katikati peke yake. Qais alikaa akiyajua haya yote kwenye ngazi, ujuzi wake wote umekamilika na haumsaidii mtu.

"Qais!"

"Naam."

"Ingia."

Aliingia ameinamisha kichwa, kwa mazoea tu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutoangaliwa. Kioo kizima kilikuwa kinachemka, nyeupe na nyeusi. Ulfat alikuwa amekaa chini, karibu kabisa, uso umejaa ule mwanga.

"Irejeshe," alisema Bi Muzna. "Wajua mashine wewe. Irejeshe picha."

"Hairudi, Bi Muzna."

"Kanda yenyewe je?"

"Imekwisha. Mimi ndiye niliyeimaliza. Ilikuwa inataka mtu aitizame wakati inakwenda, na mimi sikutaka mtu atizame. Shemsa alitaka kukaa, nikamkataza."

Alitegemea kutukanwa, alikuwa tayari, hata alitamani. Mtoto akamvuta bibi yake nguo.

"Bibi, hapo mama anacheka au analia?"

"Sijui, mwanangu. Nlikuwa jikoni."

Kisha yule mama akamgeukia Qais, akamshika mkono, jambo ambalo hakupata kulifanya maishani mwake kwa mwanamme asiye wake. Akasema kwa sauti ya chini, ya kuomba:

"Nambie kweli, na Mungu hatokuuliza, na mimi sitokuuliza. Ile siku hukuchungulia? Hata kidogo tu, kanga ilipopeperuka? Hukumuona?"

Qais alitaka kusema uongo. Alitaka kusema, anacheka, Bi Muzna, anacheka na anageuza shingo kama ulivyosema. Lakini mtoto naye alikuwa ameshageuka anamtazama, anangoja, na uongo haukutoka.

"Sikuchungulia," alisema.

Bi Muzna aliuachia mkono wake. Ndani ya kanda wanawake walikuwa bado wanamshangilia biharusi.