Mlango wa Nyuma wa Stoo

Mkalimani hakutulia kitini. Mara avute karatasi, mara aangalie saa, utadhani anayehojiwa ni yeye. Na kusema kweli, ilifaa awe yeye.

Aliyehojiwa ni fundi umeme wa kiwanda, mtu mpole hadi anaudhi. Meneja, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba alimwona fundi akipita mlango wa nyuma wa stoo, akatumia kitenzi "sneak in". Mlango ule hufunguliwa kwa ndani tu, kwa hiyo, alidai, fundi alichokoa komeo. Ikithibitika, kazi hana.

"Dada," aliuliza mwakilishi wa wafanyakazi, "hicho kitenzi cha meneja maana yake nini hasa? Kuingia tu?"

"Kuingia kinyemela," mkalimani alijibu. "Kunyata, usionekane. Hakitumiki kwa mtu aliyebisha hodi akafunguliwa."

Akajisikia mjinga kwa hilo la mwisho. Nani alimtuma aliseme? Ijumaa ile ya tukio, mchana, alikuwa humo stoo, mahali asiporuhusiwa, amejilaza juu ya maboksi akikimbia kelele za ofisini. Fundi akagonga nyuma, na taa mpya mkononi, naye akamfungulia. "Kaka, hukuniona." Fundi akacheka: "Nimwone nani? Humu kuna maboksi tu."

Tangu siku hiyo fundi hajamtaja. Hata leo, kibarua kikiota nyasi mbele ya macho yake, kimya. Wema huo ulimkera mkalimani kuliko matusi. Si aseme tu, amtue huo mzigo!

Mwakilishi hakuwa mtu wa kupitwa. "Basi muulizeni, alifunguliwa na nani?"

Mkalimani akampelekea meneja swali kwa Kiingereza, kama kazi yake inavyotaka. Meneja akaitikia kwa kichwa: ajibu.

Fundi akatazama viatu vyake. "Sikumbuki, dada."

Miaka kumi na mmoja mkalimani alikuwa akibeba maneno ya watu bila kuongeza hata chumvi. Hilo nalo akalibeba lilivyo: hakumbuki. Kisha hakunyamaza. Akavua beji yake, akaiweka mezani.

"Hayo ni yake," akasema, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, wote wasikie. "Haya ni yangu. Nilimfungulia mimi."