Mwaliko Usiofika Mlangoni

Maharage hayamngoji mtu. Yakishakauka shambani yanataka kung'olewa asubuhi mapema, umande ungali juu ya majani, maana jua likipanda maganda yanapasuka ukiyagusa tu, na punje zinaruka kila upande, ukabaki unaokota chini kama kuku. Fransiska alilijua hilo tangu hajaolewa. Alijua pia kwamba ekari moja na nusu ya maharage inataka watu kumi na tano kwa asubuhi moja, na kwamba Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu tangu Jumatatu. Mvua ya kuaga msimu ilikuwa inakuja, na mvua ikiyakuta maharage makavu yamesimama, yanaota humo humo kwenye maganda. Yakiota, mwaka mzima utakula ugali kwa chumvi, na mbegu za msimu ujao utaziomba kwa watu.

Basi ilimpasa kwenda kualika. Kwao Maretadu kazi ya shamba haialikwi ovyo ovyo. Siku mbili kabla, mwenye shamba anatoka mwenyewe, si mtoto wake wala mkwe wake, anapita mlango kwa mlango. Anasalimu, anauliza habari za watoto na ng'ombe, kisha anasema: shamba langu limeiva. Mwenye nyumba anajibu, "Tumesikia." Mtu akishasema tumesikia halafu asionekane shambani, ujue amefiwa au anaumwa yeye mwenyewe.

Lakini goti la Fransiska lilikuwa bovu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na goti la kulia lilikuwa limeshatangulia uzee, na nyumba za majirani zimetawanyika kwenye vilima, hii huku, ile ng'ambo ya korongo. Alikaa kizingitini anavaa viatu, akavaa kimoja, akachoka.

"Mama, unajitesa bure," alisema Kelvin, mwanawe wa mwisho, mtu mzima wa miaka ishirini na nane ambaye macho yake yalikuwa hayajatoka kwenye simu tangu uji wa asubuhi. "Grupu lipo la nini? Mle ndani kuna watu sitini na wawili. Naandika sasa hivi, dakika moja."

Grupu lenyewe liliitwa Majirani Wapendanao. Aliyelipa jina hilo alikuwa na matumaini makubwa, maskini.

"Kazi haialikwi kwa simu," alisema Fransiska.

"Kwa nini?"

Ukweli ni kwamba alitaka kushindwa hoja. Akavua kile kiatu kimoja.

Kelvin akaandika: *Wapendwa, Alhamisi asubuhi tunang'oa maharage kwa Mama Kelvin. Karibuni sana.* Haikupita muda majibu yakaanza kumiminika. Amina. Hongera mama. Mungu akutie nguvu. Tuko pamoja. Tuko pamoja mama yetu. Mikono iliyounganishwa kama ya sala, ile ya njano, ikajipanga kama mashada ya ndizi. Hata Mama Evaline wa ng'ambo ya korongo akaandika: *Tuko pamoja.* Fransiska alivaa miwani akasoma yote mara mbili, moyo ukamwenda laini. Alijiona mtu anayependwa, na bila kutoa jasho.

Tusimcheke sana. Simu ile Kelvin alimletea kutoka Babati miaka miwili iliyopita, na mwanzoni ilikuwa msaada wa goti. Alianza na mahubiri. Kisha akawa anasali rozari ya jumuiya kwa sauti za kurekodi, kila mtu nyumbani kwake, fungu lake, anatuma. Kutoka hapo akaingia kwenye video za mapishi ambayo hatayapika, na mwisho akaangukia zile za watu wanaoteleza ukumbini harusini. Alikuwa anaweza kuzitazama mpaka maziwa yanafurika jikoni na kuzima moto. Korongo lile hakulivuka tena ila kwa mazishi.

Jumatano alichambua mahindi na maharage ya zamani, akaweka makande kwenye sufuria la harusi, lile la kuazimana. Akakoroga togwa ndoo mbili. Mkwewe Glory akamsaidia kusogeza mawe ya jiko, huku simu imebanwa kati ya sikio na bega, akiongea na mtu wa Arusha habari za nywele.

Alhamisi kukapambazuka vizuri kabisa. Umande ulikuwa mzito, wingu liko mbali. Fransiska alisimama kwenye mpaka wa shamba na shuka lake, mguu wa kulia ameuegemeza kwenye fito. Saa kumi na mbili na nusu hakuna mtu. Saa moja hakuna mtu. Saa moja na robo akatokea Benedict, jirani wa chini, na panga begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu, wenzako wako nyuma?"

"Wenzangu gani? Nimekuja kuomba jiwe la kunolea." Akaangalia sufuria, akaangalia shamba. "Kumbe leo mnang'oa? Mimi simu yangu ilitumbukia chooni wiki iliyopita. Sijui habari za dunia."

Akaegemeza panga ukutani, akaingia shambani bila neno lingine. Aibu ilimshika Fransiska, maana huyu pekee hakualikwa.

"Waulize," alimwambia Kelvin. "Waulize wako wapi."

Kelvin akaandika: *Wapendwa, tunawasubiri.* Majibu yakaja mbio kama juzi yake. Kazi njema. Mungu awatangulie. Tuko pamoja. Mmoja akatuma picha ya kikombe cha chai chenye mvuke na maua.

Waling'oa wanne: Benedict, Glory, Kelvin na Fransiska mwenyewe, ambaye alikuwa anainama kwa kiuno kwa kuwa goti lilikataa. Kelvin aling'oa kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeinua simu, anapiga picha shamba na mama yake ndani yake, apate kuiweka watu waione. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hawakuwahi kumwona kijana anayetaka kumvunja kwa kidole gumba kwenye kioo.

"Weka hicho kitu chini!" Fransiska alipiga kelele, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

Kelvin akaweka. Lakini saa tatu na nusu jua lilishapanda, na maganda yakaanza kulia: ta, ta, ta. Walikuwa hawajamaliza hata robo ya shamba. Upande wa Hanang wingu lilikuwa limeshuka mpaka kifuani mwa mlima, jeusi.

Fransiska akanyoosha mgongo. Ng'ambo ya korongo, uani kwake, Mama Evaline alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Alionekana wazi kabisa, na kitambaa chake cha kijani. Hakuwa anaumwa. Hakuwa amesafiri. Hasira ikampanda Fransiska hata akasahau goti. Akatupa mashina aliyoshika, akachukua fimbo, akateremka korongoni.

Njia ile ilimchukua nusu saa, na hasira ikawa imepungua kabla hajafika, maana hasira nayo inahitaji pumzi. Alifika anahema. Mama Evaline, ambaye jina lake la ubatizo ni Imakulata, hakuinuka.

"Karibu, Mama Kelvin. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kuuliza nimekukosea nini. Maharage yangu yanapasuka kule, unayasikia mpaka hapa. Uliandika tuko pamoja."

"Niliandika."

"Sasa?"

"Sasa wewe ulinialika lini?" Imakulata alishika hindi lingine. "Ulikuja hapa mlangoni? Niliona tangazo kwenye simu. Nikasema, Mama Kelvin anaijua kazi, asingetangaza kama gari la mnada. Kama hakuja, basi ameshapata watu wake wa kutosha, anatupa habari tu. Nikampigia Mama Agatha wa pale juu, naye alisema hivyo hivyo. Wote tulisema hivyo."

Fransiska akaegemea fimbo. Kelvin alipomuuliza kwa nini kazi haialikwi kwa simu, jibu lilikuwa ni hilo, na alikuwa analijua maisha yake yote.

"Ungeniuliza basi," alisema kwa sauti ndogo. "Tuko pamoja ni neno zito."

"Neno zito?" Imakulata akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Mimi nililijifunza kwako. Mume wangu Xavery alilala kitandani miezi miwili. Desemba yote na Januari. Kila Jumapili ulikuwa unaniandikia: pole sana, tuko pamoja, na ile mikono. Siku ya maziko ulikuja, sikatai. Siku ya maziko huja hata mbwa wa kijiji cha pili."

"Goti, mama..."

"Leo goti limevuka."

Ni kweli, goti lilikuwa limevuka. Kwa ajili ya maharage lilivuka. Na Xavery huyo huyo, alipokufa Baltazar, mume wa Fransiska, miaka tisa iliyopita, ndiye aliyechimba kaburi, na mwezi mzima alikuwa anavuka korongo asubuhi na jioni kumkamulia ng'ombe, hasemi chochote, anaacha ndoo ya maziwa mlangoni anaondoka.

"Kitanda nilikisogeza dirishani," Imakulata aliendelea, sasa haongei kwa ukali, anaongea tu kama mtu aliyechoka kubeba kitu. "Alikuwa anaona kwako. Unateka maji, unaanika nguo. Anasema, leo Mama Kelvin hachechemei sana. Akaniuliza kama mna ugomvi. Nikasema hapana, anakutumia salamu kila wiki. Nikamwonyesha ile mikono kwenye simu. Akaiangalia. Akasema, hii mikono ni ya nani? Nikasema ni yake, anakuombea. Akasema, si angekuja nayo."

Matone ya kwanza yakaanguka kwenye sinia la mahindi, makubwa, ya baridi. Imakulata akainuka haraka, akabeba sinia, na Fransiska akabeba kigoda, wakaingia ndani. Mvua ikafunga mlango nyuma yao. Kwenye bati ilikuwa kelele tupu, huwezi kusikia maganda wala chochote cha ng'ambo.

Kitanda bado kilikuwa pale dirishani, kimetandikwa vizuri. Fransiska alisimama akatazama nje. Kweli, nyumba yake ilionekana yote, na shamba likionekana limelala kijivu chini ya maji, na watu watatu wadogo wanakimbia na turubai. Simu ikaita kwenye mfuko wa gauni.

"Pokea," alisema Imakulata. "Ni mtoto."

"Mama! Mvua!" Kelvin alikuwa anapiga kelele. "Tufanyeje?"

"Funikeni mliyong'oa."

"Na mengine?"

"Mengine yamekwenda."

"Uko wapi wewe?"

"Niko kwa Mama Evaline. Mpeni Benedict makande, ale ashibe." Akakata simu.

Alilia kidogo, bila kujificha, kwa sababu ya maharage na kwa sababu ya ile ndoo ya maziwa mlangoni, na hakujua kipi ni kipi. Imakulata hakumbembeleza. Alimwacha amalize, akamsogezea kitambaa cha meza ajifute.

"Yataota," alisema Imakulata. "Mvua hii si ya leo tu."

"Yataota."

"Mwaka huu utakula nini?"

"Sijui." Fransiska alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mguu wa kulia ameunyoosha. "Mama Evaline, niambie Xavery alianzaje kuumwa."

"Niliandika yote kwenye grupu."

"Nilisoma. Niambie wewe."

Imakulata alichukua hindi, akaliangalia, akalirudisha kwenye sinia. Ilionekana kama hatasema. Halafu akaja akakaa pale pale kitandani, pembeni yake, wote wawili wanatazama dirisha lenye maji.

"Ilikuwa Jumanne, jioni," alisema. "Alikuwa zizini anakamua. Mimi nilikuwa hapa ndani. Aliniita, nikatoka nikamkuta ameanguka kati ya ng'ombe, ndoo imemwagika." Akameza mate. "Watu wote nimewaambia aliniita mara moja. Aliniita mara tatu, Fransiska. Nilimsikia tangu ya kwanza. Nilikuwa naangalia simu."