Mahudhurio ya Sebuleni

Wiki moja kabla ya safari, mwalimu alipanga mito ya makochi sakafuni kama wanafunzi, akaanza kuita majina ya darasa atakalofundisha ughaibuni. Majina yenyewe magumu, yanateleza ulimini kama sabuni. Kila alipoita, mama yake, aliyekuwa akimkunjia nguo za safari, aliitikia: "Nipo, mwalimu!" Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mwanga wa alasiri ukatanda juu ya mito, na kwa kitambo mwalimu akawaona watoto kabisa, wametulia tuli, wanamtazama.

Kisha mama akachukua ile orodha, akavaa miwani, akaita jina lisilokuwemo: "Kitindamimba wangu!"

Mwalimu akafungua kinywa. Neno dogo alilowafundisha watoto wa watu miaka kumi na miwili likagoma kutoka.