Maoni ya Mama Chini ya Video

Mpiga gitaa alipandisha wimbo wake wa kwanza mtandaoni. Mama yake akaandika chini yake: "Mwanangu, shati hilo ni la baba yako. Lirudishe." Watu wakacheka, wakausambaza. Kila video mpya ilivuta watazamaji zaidi, wote wakitaka kusoma mama kaona nini.

Kijana akaona haya, akamwomba anyamaze. Mama akanyamaza, na watazamaji wakatoweka. Kijana akampigia mama simu.

"Mama, nakuomba rudi unisute."

"Haya, baba."

Akaimba wimbo wake bora, makusudi mbele ya vyombo vichafu. Mama akaandika: "Umeimba vizuri." Hakuna aliyesambaza.

"Mama! Vyombo hukuviona?"

"Niliviona, mwanangu. Nimekufichia aibu."