Mzee Kipketer Ukingoni

Winrose alipiga mtaimbo tena, cheche ikaruka, na shimo likaongezeka kina kwa upana wa kidole tu. Nguzo chache zilikuwa zimesimama tayari, zikiunganishwa na kamba nene. Nyingine zililala kwenye nyasi zikingoja zamu. Chini kabisa, ziwa lilimeta, na flamingo walionekana kama unga wa waridi uliomwagika kando ya maji.

Kesho kutwa wageni wake wa kwanza wangepita hapa, wengine kutoka Nairobi, wengine ng'ambo, awaongoze juu ya ukingo huu walitazame ziwa. Kamba hiyo ndiyo wangeishika pale njia inapobanwa kati ya mwamba na hewa tupu.

Baba yake, Mzee Kipketer, alikuwa ameketi mbali na ukingo, kando ya kichaka cha leleshwa, amevaa koti lake zito la baridi ya nyumbani Molo katika jua kali. Sokoni alikuwa ameambiwa kwamba binti yake anataka kupitisha watu mdomoni mwa kifo. Alikuwa amekuja kumrudisha nyumbani.

"Watu wanalipa kutembea?" aliuliza tena.

"Wanalipa, Baba."

"Si wakuje Molo wabebe viazi. Hiyo kutembea nitawalipa mimi."

Winrose akacheka.

"Usinichekee. Mama yako hajalala."

Winrose alijua vizuri nani hajalala. Akaulaza mtaimbo chini. "Baba, pita na mimi mara moja, mpaka pale kwa mwamba mpana. Ukifika pale na bado useme twende nyumbani, nitafunga mzigo leo."

Mzee alimtazama. Mtoto huyu hakuwa na mazoea ya kuvunja ahadi yake. Akainuka.

Walipofika penye wembamba, Winrose alitangulia, kama alivyofunzwa kwenye kozi ya kuongoza wageni, akamnyoshea mkono. Mzee hakuupokea.

"Mimi sio mtoto," alisema. Lakini hakusonga. Kwenda mbele alishindwa, kurudi nyuma alishindwa, na vidole vyake viliing'ang'ania kamba hadi vikakwajuka.

Winrose aliutazama uso ule uliokuwa ukijaribu kutoonyesha kitu. Akarudi, akampita taratibu kwa upande wa bonde, akasimama nyuma yake. Kisha akapiga mluzi, mfupi halafu mrefu, ule wa kutoa ng'ombe mtoni. Yeye mwenyewe Mzee ndiye aliyemfundisha, na kumwambia kwamba mchunga hukaa nyuma, apate kumwona anayechechemea.

Mzee aligeuza shingo kidogo. "Unanipigia mluzi? Mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe mzuri, Baba. Shida ni kusimama njiani."

"Kumbe mimi ndio ule ng'ombe mwekundu wa shangazi yako!"

"Huyo alikuwa anasikia haraka. Haya, mguu wa kushoto. Twende, mrembo."

"Mrembo!" Mzee alicheka hadi mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko mguu ukasonga. Ukafuata wa pili. Kila aliposita, mluzi ulimgusa mgongoni kwa upole, naye akaenda.

Wakatokea kwenye mwamba mpana. Bonde lote lilikuwa wazi mbele yao: maji yaliyopanda na kumeza ufuo, migunga iliyokufa ikisimama ndani yake, vivuli vya mawingu vikitambaa juu ya mashamba. Mzee alivua kofia. Winrose alingoja nyuma yake, kwa kuwa uamuzi sasa ulikuwa wa baba.

"Ukipata mtu mwoga kama mimi," Mzee alisema hatimaye, "utamweka wapi?"

"Mbele yangu, nimwone."

"Usimvute."

"Sitamvuta, Baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Akatoa simu, akaiinua juu akitafuta mtandao.

"Mama Winrose? Ndiyo, niko na yeye. Hapana, leo hatukuji. Hata mimi sikuji. Kesho ukamue wewe ng'ombe... Mgonjwa? Nani mgonjwa? Kuna mashimo hapa hayajachimbwa!"

Waliporudi, jua lilikuwa limeinama upande wa milima ya Mau. Winrose aliokota mtaimbo, lakini baba yake akauchukua mkononi mwake, akauficha chini ya leleshwa, na nguzo zilizobaki akazifunika nyasi.

"Mikono yako imechoka," alisema. "Kesho tutaanza na hilo shimo lako la mwisho. Umelichimba juu juu kama la kupanda viazi."